Mwenye Kichuguu

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu, saa saba na robo mchana, Fundi ndiyo kwanza ametoka kuswali adhuhuri, pale bunduki iliyomuua mdogo wake iliporudi karakanani. Aliyeileta ni yule yule aliyeifyatua.

Watu walimwita Shabaha kwa sababu hakuwa mtu wa kukosa. Alikuwa mwindaji, na aliingia akiongea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Polisi wamenirudishia mali yangu, Fundi. Nirekebishie hiyo darubini, inavuta kushoto. Na safari hii kaza skrubu kiume, usije ukanifanya nimmalize na mke wangu!"

Alicheka peke yake. Akaketi kwenye benchi la uani, akanywa maji, akajipepea kwa kofia, kisha akanyanyuka. "Nitaipitia alasiri."

Darubini ile aliifunga Fundi mwenyewe, siku moja kabla ya msiba. Shabaha na mdogo wake Fundi waliingia porini wawili, akatoka mmoja. Shabaha alisema alimlenga swala, darubini ikamdanganya, risasi ikaenda kushoto alikosimama mwenzake. Watu wakaamini. Shabaha akose? Basi kosa ni la fundi. Hata Mama aliamini. Tangu siku ya mazishi hakumsemesha mwanawe huyu mkubwa aliyebaki. Alimwekea chakula mezani na kugeuza uso, na akiulizwa jambo, alimjibu paka. Fundi angeweza kuvumilia kununiwa. Kilichomla moyo ni kwamba kila akisujudu aliziona zile skrubu nne, akajiuliza kama ni mkono wake uliomuua ndugu yake.

Akaibana bunduki kwenye jiliwa la mezani. Akachomoa komeo, akachungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma, akausogeza mpaka doa jeusi alilopaka kwenye ukuta wa uani likakaa katikati ya tundu. Kisha, bila kuigusa tena bunduki, akaweka jicho kwenye darubini. Kama imepinda, nyuzi zake mbili zinazokatana zingekaa pembeni ya doa.

Zilikaa juu ya doa. Katikati kabisa.

Akatazama skrubu. Alikuwa na kawaida yake: akishakaza, huchora mstari wa rangi nyekundu ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete inayoshika darubini, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike. Vifuniko vya vifundo vya kurekebishia darubini navyo huvichora hivyo hivyo. Mistari yote ilikuwa mizima. Hakuna kilicholegea wala kilichoguswa tangu siku ile.

"Subhanallah," alisema taratibu.

Hapo ndipo aliposikia: *ta.*

Ni mlio mdogo ambao kifundo hutoa kikizungushwa. Lakini kifuniko kilikuwa kimefungwa, na rangi haijakatika. *Ta, ta, ta.* Fundi akarudisha jicho. Nyuzi zilikuwa zimeliacha doa, zimetambaa kushoto, zimetua kwenye benchi alilokalia Shabaha. Akafungua kifuniko, akazirudisha. Zikaondoka tena, na safari hii hazikungoja akae sawa, zilizunguka huku jicho lake likiwa pale pale kwenye kioo, na puani ikamjia harufu ya udongo mbichi iliyochanganyika na damu iliyolala juani, harufu aliyoijua kwa sababu aliuosha mwili wa ndugu yake kwa mikono yake, na alipotaka kurudi nyuma akahisi kuna mtu amesimama mgongoni kwake, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgusa shingo.

Akageuka. Ni Mama.

Alikuwa peku, khanga imemteremka mabegani. Hajakanyaga karakanani tangu msiba. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, kavu, kama ya mtu anayeongea na mchanga kooni.

"Usisome."

Midomo ya Fundi ilikuwa tayari kwenye Ayatul Kursi. "Wewe ni nani? Mtoke mama yangu!"

"Mimi ni mwenye kichuguu. Nilikuwa na kwangu na watoto wangu, sina neno na mtu. Mdogo wako alianguka mlangoni kwangu, damu yake ikaingia ndani. Nikaifuata bunduki. Ukisoma nitaondoka, sina ubishi na maneno ya Mola. Lakini hutajua ukweli. Ukinyamaza, nitamwonyesha aliyenichafulia kile alichokifanya, naye atasema kwa mdomo wake."

"Mama yangu hutamdhuru?"

"Sina deni naye."

Fundi akanyamaza. Walikaa hivyo, yeye kwenye kigoda, Mama wima kama nguzo, mpaka kivuli cha ukuta kikafika mlangoni.

Shabaha aliingia akipiga mluzi. "Vipi, umeinyoosha? Oo, na Mama yupo! Shikamoo, Mama."

Fundi akaionyesha darubini kwa kidole.

"Angalia mwenyewe," alisema Fundi.

Shabaha akainama, akaweka jicho. *Ta.* "Mbona naona nyasi?" *Ta, ta.* "Fundi, mbona naona... nani yule? Nani kavaa shati lile?" Akataka kujivuta, lakini jicho halikubanduka kwenye kioo, akashika jiliwa kwa mikono miwili, akasukuma mpaka meza ikatambaa sakafuni, na ile milio ikaendelea kama meno ya mtu mwenye baridi, naye akaanza kulia, kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na aliye mle ndani. "Usigeuke, ndugu yangu, usinitazame! Ningefanyaje? Ulisema utanishtaki kwa wale tembo niliowaua! Nilikuomba ukakataa! Nilikulenga wewe, ndiyo, wewe, hapakuwa na swala! Fundi, msomee huyu! Unayajua maneno, soma!"

Fundi aliyajua. Aliyajua tangu utoto, alifundishwa na Mama. Akafungua kinywa.

"Usisome, mwanangu."

Akamtazama. Haikuwa ile sauti ya mchanga. Ilikuwa sauti ya Mama mwenyewe, laini, iliyochoka, na macho yalikuwa yake, yamejaa machozi. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu mazishi.

Fundi akafunga kinywa.

Shabaha alipoachiliwa alitoka bila bunduki, kiganja kimefunika jicho, na ile milio ikatoka naye, ikafifia barabarani. Karakana ikanuka mafuta ya bunduki tu. Watu walimkuta baadaye huko porini, amelala kifudifudi juu ya kile kichuguu, mwili hauna hata mkwaruzo.

Jioni habari zilipofika, Mama alitandika mkeka, akamwita Fundi akae kando yake. Wakainua mikono. Watu wawili walikuwa wamekufa, na mama na mwana walilijua hilo, ila Fundi alimtaja mmoja.

"Ee Mola, msamehe mdogo wangu. Lipanue kaburi lake, litie nuru. Mpe makazi bora kuliko aliyoyaacha, na umkutanishe na mama yake siku isiyo na machozi. Amina."

"Amina, mwanangu," alisema Mama.