Aliyetoka Nyuma ya Jiwe

Tulifika kwenye kibanda cha mama wa dagaa jua likiwa limeanza kulegea. Tulitaka maji ya kunywa na kuelekezwa njia. Basi.

Mume wangu Pantaleo alikuwa amebeba begi lenye miwani ya kuzamia na mirija yake ya kupumulia, wake na wangu. Mrija wenyewe ni wa plastiki, umepinda kama mkongojo. Ncha moja unaiuma mdomoni, ncha nyingine inabaki juu ya maji, nawe unalala kifudifudi unatazama chini. Aliyajua mambo hayo huko Dar es Salaam, enzi akiwa utingo wa malori ya Isaka. Baadaye akaacha malori, akaenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo. Kifusi kikamfunika huko. Walipomtoa alikuwa hai, lakini sauti ilibaki na mikwaruzo ya vumbi, na akasema hataki tena kuangalia chini gizani. Anataka kuangalia chini jua likiwa mgongoni.

Tangu hapo, kila tukipata nafasi tulipanda basi kutoka Kagongwa, ninakouza mchele, mpaka Geita, mpaka upande wa ziwa. Tulishuka barabara inapoishia, tukatembea. Panta hakutaka ufukwe wenye njia ya gari. Alisema penye gari hata samaki wana wasiwasi. Majirani walitucheka. Wasukuma gani hawa, wanakwenda kuangalia samaki halafu wanarudi bila hata mmoja!

Mama wa dagaa aliitwa Asteria. Mwanamke wa rika langu, mwembamba. Mikono yake iligeuza dagaa juani, lakini uso haukuwepo pale.

"Mnakwenda Nyuma ya Jiwe," alisema. Hakuuliza.

"Ndiyo, dada," Panta akajibu. "Tumesikia maji yake yanaonyesha mpaka chini."

"Yanaonyesha."

"Mamba je?"

"Mamba hakuna." Akageuza dagaa wengine. "Pandeni kilima hiki. Mkifika penye miiba shikeni kushoto. Mtaona jiwe kubwa limeingia ziwani. Nendeni upande wa kivuli. Samaki wote wako kivulini."

Panta akamshukuru. Nilipogeuka huku tukipanda, Asteria alikuwa ameacha kazi. Amesimama. Anatutazama.

Njia ilikuwa mbaya. Mawe yalichoma mpaka kwenye soli, miiba ikanichana kanga. Pimbi walitupigia kelele kutoka kwenye nyufa, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Tulipofika juu, ghuba ikawa chini yetu. Mchanga mweupe usio na unyayo. Maji tulivu. Na jiwe, kubwa kama kanisa, limesimama nusu nchi kavu na nusu ziwani.

Panta alicheka kwa furaha. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Tuliingia majini. Chini yetu walipita furu, samaki wadogo wa mawe, wengine wa njano, wengine wa buluu, wakila kwenye mawe. Ukiwa na mrija mdomoni husikii dunia. Unasikia pumzi yako tu.

Hooo... haaa...

Hooo... haaa...

Panta akanigusa bega, akanyoosha kidole upande wa kivuli. Nikatikisa kichwa. Maji ya upande ule yalikuwa yameshaanza kunigusa miguu, baridi ya ajabu, baridi isiyouma. Inafisha tu. Vidole vyangu vya miguu sikuvisikia tena. Nikarudi penye jua, nikasimama maji yakinifika kifuani, nikamfuata kwa macho. Ncha ya mrija wake, rangi ya chungwa, ilikwenda polepole, ikaingia kivulini, ikapita nyuma ya jiwe.

Nikangoja.

Nikaita. "Panta!"

Jiwe likanirudishia jina.

Nikaita tena, na tena, mpaka koo likakauka. Sijui nilisimama pale muda gani. Jua lilikuwa linagusa maji alipotokea upande wa pili wa jiwe. Hakuwa akiogelea. Alikuwa anatembea, taratibu, kama mtu anayetoka shamba.

Miwani ilikuwa bado usoni. Nikaona jambo dogo. Miwani ya Panta hujaa mvuke kila mara, hata aitemee mate na kuisugua vipi. Siku hiyo kioo kilikuwa safi. Hakukuwa na mvuke hata kidogo.

"Mrija uko wapi?" nikamuuliza.

Alifikiri kwanza. "Umebaki."

"Umebaki wapi?"

Akatangulia mbele kupanda kilima. Giza lilikuwa linaingia, na tochi ninayo mimi, lakini hakuiulizia. Kila jiwe alilijua. Kila mwiba aliukwepa.

Asteria alikuwa akitungoja chini njiani.

"Mmerudi wangapi?" akanong'ona.

"Wawili, kama tulivyokwenda."

Akawasha tochi ya simu, akamulika uso wa mume wangu. Akamtazama kwa muda mrefu sana. Yeye akamtazama Asteria kama mtu anayetazama ukuta.

"Uso si wake," Asteria alisema. Akazima tochi. "Haya. Nendeni salama."

Nilidhani ni mwanamke mwenye matatizo yake.

Nyumbani Kagongwa alilala, akaamka, akala. Ukimtuma maji anakwenda. Hakugomba, hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, na havikunyooka. Wiki ikapita, vimekunjamana vile vile. Shuka upande wake lilikuwa na ubichi. Na ile harufu... harufu ya jiwe lililolowa.

Panta hupenda uji wenye sukari nyingi. Huyu alisukuma sukari pembeni, akatia chumvi.

Siku moja nikamkuta mlangoni amefumua nyuzi za magunia yangu ya mchele. Alikuwa anasuka wavu. Fundo kwa fundo, bila kutazama. Pantaleo wa Isaka, mtoto wa wafuga ng'ombe, hajawahi kushika wavu maishani mwake.

Niseme nilipiga kelele? Sikupiga. Nilirudi ndani nikaendelea kuchambua mchele. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukiugusa unaona ni mguu wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima mpaka moyoni. Mama mkwe alikuja, akamsalimia mwanawe kwa Kisukuma, akaitikiwa kwa kichwa. Akanivuta uani. "Mayu," akaniita mama kwa lugha yetu, "mwanangu ana nini?" Nikamwambia amechoka.

Usiku alikuwa anaongea ndotoni. Lugha siijui. Jirani yetu Nasibu, mfanyabiashara wa dagaa aliyekulia ziwani, alipita jioni moja wakati mawingu yamejaa, akamkuta amekaa mlangoni na wavu wake, ananung'unika. Nasibu akasimama kusikiliza.

"Shemeji, kaka amejifunzia wapi Kizinza?"

"Anasemaje?"

"Anauliza..." Nasibu akacheka kidogo, kisha akaacha. "Anauliza kama Asteria ameshaanua dagaa. Mvua inakuja."

Asubuhi yake nilimchukua, tukapanda basi. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Asteria alituona kwa mbali, akakaa chini pale pale alipokuwa. Mwanamume yule alinipita, akaenda kwenye nyavu zilizotundikwa ubavuni mwa kibanda, akatoa sindano ya mti kwenye paa ambako mgeni asingejua kuitafuta, akaanza kuziba matundu.

Tulimtazama sote wawili.

"Bado anakunywa uji wa chumvi?" Asteria akaniuliza.

"Bado."

Akafunika mdomo kwa kanga. Alipoitoa, alisimulia bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma tangazo. Mume wake, Theonest, mvuvi, alikwenda Nyuma ya Jiwe kufungua wavu ulionasa. Hakurudi. Walimtafuta kwa mitumbwi, hawakuona hata kofia. Mganga mmoja akamwambia Asteria kwamba pale hapatoi mtu bure. Mpaka aingie mwingine.

"Nikangoja," alisema. "Watu wa hapa hawaendi kule. Ndipo mkaja nyie."

"Ukatuambia twende kivulini."

"Nikawaambia."

"Mume wangu, Asteria. Mume wangu!"

"Nilidhani wangu atatoka na uso wake," akanong'ona. "Nilipommulika nikaona uso wa wako. Na yeye hakunijua. Ningemzuia kwa maneno gani? Ungeniachia?"

Nilitaka kumpiga. Mkono haukunyanyuka. Hasira niliiona iko pale, mbali, kama moto wa ng'ambo ya ziwa. Mtu aliyekaa kwenye nyavu akasema neno moja kwa Kizinza, na Asteria akamjibu, na wote wawili wakanyamaza kama watu walioishi pamoja miaka mingi.

"Mchukue," nikasema.

Nikamwachia namba yangu ya simu, nikachukua begi langu, nikapanda kilima peke yangu.

Ghuba ilikuwa vile vile. Nikavaa miwani, nikauma mrija, nikaingia. Safari hii sikusimama penye jua.

Hooo... haaa...

Kivulini hakuna samaki. Hakuna kitu chochote chenye uhai. Baridi ikapanda magotini, kiunoni, mbavuni, na kila ilipofika, mwili ukapotea. Nikabaki macho na pumzi.

Hooo... haaa...

Kisha nikaisikia pumzi nyingine. Haikuwa yangu. Ilikuja baada ya yangu, nzito, kwenye mrija.

Chini ya jiwe palikuwa na pango, jeusi kama mdomo wa duara, shimo la wachimba dhahabu. Mdomoni mwake, ndani kabisa ya maji, mbali na hewa yoyote, kulikuwa na ncha ya mrija. Rangi ya chungwa. Inapanda. Inashuka.

Nikazama, nikanyoosha mkono gizani.

Mkono mwingine ukaupokea.

Ulikuwa na joto. Katika yote niliyoyagusa tangu siku ile, huo peke yake ndio niliousikia. Uliniminya, ukaachia, ukaniminya tena. Ndivyo Panta alivyokuwa akinishika majini ili nisiogope. Nikavuta. Nikavuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na bega lake likaanza kutoka, naapa, niliona bega.

Kitu kikanishika kifundo cha mguu.

Hicho hakikuwa na joto.

Kikashika na mguu wa pili.

Mkono wa Panta ukafunguka. Ukaniwekea kiganja kifuani, ukanisukuma. Alinisukuma kwa nguvu kama mtu anayemtupa mwenzake nje ya shimo linalobomoka. Niliibukia penye jua nikitapika maji. Vifundoni nilikuwa na alama nyeupe za vidole. Hazikuuma. Mpaka leo, hata nichome sindano hapo, haziumi.

Nilirudi Kagongwa peke yangu. Wakwe waliniuliza mwana wao yuko wapi. Nikawaambia yuko ziwani, anavua. Wengine waliamini. Mama mkwe alinitazama tu, akaondoka bila kuaga. Nikarudi kwenye mchele. Napima, nafunga, nauza. Mchana ninaishi. Jioni sijui niite nini.

Jana, jua limeshazama, simu ikaita. Asteria.

"Dada," alisema, na alikuwa analia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia. "Ameamka leo hataki uji wangu. Vidole vimemnyooka. Namsemesha Kizinza ananishangaa. Anauliza Skola yuko wapi. Skola ni wewe?"

Ni mimi. Scolastika. Hakuna anayeniita Skola ila mtu mmoja.

"Mpe simu," nikasema.

Kisha nikasikia pumzi.

Hooo... haaa...

"Panta?"

"Skola." Ilikuwa sauti yake. Mikwaruzo ile ile ya vumbi la Mwakitolyo. "Mbona umeniacha kwa watu nisiowajua? Njoo unichukue."

"Uko wapi? Niambie unaona nini."

Pumzi ile ikaja tena.

"Naona jua," alisema. "Liko juu. Mbali kidogo."

Nikatazama nje. Giza lilikuwa limeshatanda Kagongwa yote. Nikataka kumuuliza tena, simu ikawa imekatika, na tangu hapo haipatikani.

Nimekata tiketi ya basi la asubuhi. Begi liko mlangoni, miwani imo. Kibandani kuna mtu anayeniita kwa sauti ya mume wangu. Ng'ambo ya kilima kuna mkono ulionishika kwa joto la mume wangu. Sijui ni yupi ninakwenda kumchukua.