Kiti cha Yotham

Yaliyompata Mbaruku yalitokea Dodoma, mwaka wa pili tangu gari moshi lifike, na aliyeyaona tangu mwanzo hadi mwisho ni mkewe, Stara. Yalianza na jambo dogo ambalo mtu mwingine asingelijali. Kiti cha baiskeli kilipanda.

Mbaruku alikuwa tarishi wa Boma. Kila Jumatatu alijifunga mfuko wa barua mgongoni, akatoka kwa baiskeli kuifuata njia ya Kondoa, akapita Miyuji, na jioni akafika kambini ambako tarishi wa Kondoa aliupokea mzigo. Kesho yake alirudi. Baiskeli yake ya kwanza ilivunjika uma wa mbele korongoni, naye akaanguka kifudifudi, jino likamtoka. Bwana Mkubwa, Mzungu mkuu wa Boma, hakuuliza habari za jino. Aliagiza apewe baiskeli nyingine, na karani Bartolomayo akamtolea iliyokaa ghalani miezi saba, nyeusi, ndefu, ya marehemu Yotham aliyekuwa tarishi kabla yake.

"Hii ni ya mtu mrefu," Mbaruku alisema.

"Ni ya Boma," Bartolomayo alijibu. "Kishushe kiti."

Alikishusha mpaka mwisho. Bado pedali ikiwa chini aliigusa kwa ncha za vidole tu, na usukani aliufikia kwa kujinyoosha. Alikwenda hivyo hivyo, kiuno kikiyumba huku na huku, akarudi mapaja yamechubuka. Stara akamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya ufuta, wote wawili wakacheka kidogo, kwa sababu Mbaruku alikuwa mfupi tangu utoto na alikwishazoea vitu vya watu warefu.

Asubuhi ya tatu kiti kilikuwa kimepanda upana wa kiganja.

"Umekipandisha wewe?" Stara aliuliza.

"Nikipandishe ili nife?"

Mbaruku akachukua spana, akakishusha, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kesho yake kimepanda tena. Akakifunga kwa waya, mizunguko kumi. Asubuhi waya ulikuwa chini, umekunjwa vizuri, kama mtu anavyokunja uzi ambao bado ana kazi nao.

Aliipeleka kwa Silvano, fundi wa karakana ya reli. Silvano alilikata bomba la kiti kwa msumeno, kisha akafunga vipande vya mbao juu ya pedali, kila kimoja unene wa vidole viwili. Alipomaliza alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Sasa itakukaa," alisema. "Lakini hili bomba, ndugu yangu, lina joto kwa ndani. Nimefanya kazi na chuma miaka kumi na tano, sijakutana na joto la namna hiyo."

Siku zile kiangazi kilikuwa kikali. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitano, na upepo ulikuwa ukisukuma vumbi jekundu mpaka ndani ya vyungu. Adhuhuri moja, Stara akiwa kibarazani anashona, akasikia harufu ya mvua. Harufu ile ya udongo uliopata maji baada ya kiu ndefu, ambayo kila mtu wa nchi ile akiinusa hutoka nje na kuangalia juu. Stara naye akatoka nje. Mbingu ilikuwa tupu. Harufu haikuwapo njiani, wala kwa jirani. Ilikuwa uani kwake tu, karibu na ukuta ilipoegemezwa baiskeli, na gurudumu la nyuma lilikuwa likizunguka polepole, pasipo upepo, cheni ikialika: tik, tik, tik.

Hakumwambia mumewe. Alijiambia ni jua.

Wiki mbili baadaye Mbaruku alirudi safari akitabasamu. Akaufungua mfuko wake, akatoa vile vipande vya mbao na kuvitupa jikoni vikawe kuni.

"Nimeving'oa njiani. Sivihitaji tena. Stara, baiskeli imenikaa."

Stara alifurahi pamoja naye, mpaka Mbaruku alipoinuka kwenda kuswali. Kazi ya Stara ilikuwa kushona kanzu, na ile aliyoivaa mumewe aliishona mwenyewe kwa ajili ya Idi, ikimgusa kwenye kifundo cha mguu. Sasa pindo lilikuwa juu ya kifundo kwa vidole vinne.

"Imerudi kwa kufuliwa," Mbaruku alisema alipoona anatazamwa.

Nguo ile ilikuwa haijafuliwa tangu Idi.

Mumewe alipolala, Stara alichukua kamba aliyompimia, yenye fundo la urefu wake toka begani hadi kifundoni, akainyoosha juu ya mwili wa mumewe. Fundo liliishia katikati ya muundi. Akaikunja, akainyoosha tena, na ndipo aliposikia mlio ndani ya goti la mumewe, mlio mkavu kama wa ukuni unaopasuliwa taratibu, na Mbaruku akagumia usingizini, na nje uani cheni ikaalika mara moja, kisha goti la pili, kisha cheni, vikijibizana.

Asubuhi alikwenda Boma kwa karani.

"Nakuomba, Bwana Bartolomayo. Mpe mume wangu baiskeli nyingine. Hata mbovu."

"Hapa kuna baiskeli mbili," Bartolomayo alisema bila kuinua uso. "Hiyo, na ya Bwana Mkubwa. Mumeo akikataa safari ni viboko hamsa wa ishirini, kisha minyororo. Na barua zitakwenda na mtu mwingine juu ya baiskeli hiyo hiyo."

"Basi atembee kwa miguu."

"Bwana Mkubwa anahesabu saa, mama." Karani akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Kamwone mjane wa Yotham. Yuko Miyuji. Usiseme nimekutuma."

Mjane huyo aliitwa Lydia. Stara alimkuta anatwanga uwele, wakasalimiana kwa Kigogo, "Mbukwa," "Mbukwa," akapewa kigoda. Alipoitaja tu baiskeli, Lydia aliuweka mchi chini.

"Nani anaipanda?"

"Mume wangu. Tunasikia marehemu alikuwa mrefu, nikasema labda ni yeye, labda anakitaka kiti chake kikae anavyopenda yeye. Kama kuna sadaka ya kumtolea, niambie, nitaitoa."

Lydia alimtazama kwa huruma, hata Stara akaogopa kuliko alivyoogopa siku zote zile.

"Yotham alikuwa mfupi," Lydia alisema. "Tulipofunga ndoa tulikuwa sawa, bega kwa bega. Watu wa mjini walimjua baadaye. Alianza kurefuka alipopewa chuma kile. Mwanzoni alifurahi, akasema kimemkaa. Kaburi lake lilichimbwa mara mbili, dada, maana la kwanza halikumtosha."

"Alikufaje?"

"Siku moja alikaa juu ya kile kiti, nyayo zake zote mbili zikalala chini, bapa, huku magoti yamekunjwa. Akacheka kwa sauti ambayo sikuijua. Akaondoka, hakurudi. Walimkuta njiani, na baiskeli imesimama pembeni yake, haijaegemea kitu." Akaushika mchi tena, lakini hakutwanga. "Kabla yake ilikuwa ya Mzungu mmoja mpimaji wa reli, mrefu kama nguzo. Mpishi wake aliniambia huyo naye hakutoka pwani na urefu ule."

Stara alirudi mjini karibu kwa kukimbia. Alasiri ile ile alimleta Maalimu Bushiri, aliyesomesha watoto Kurani na kujulikana kwa kutoa majini.

"Shikamoo, Maalimu. Tuokoe."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Akafukiza ubani, akamkalisha Mbaruku mkekani, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu. Moshi wa ubani ulijaa chumbani, kisha ukazidiwa na harufu ya mvua, nzito, baridi, na Mbaruku akainua kichwa.

"Wewe nani?" Maalimu aliuliza.

"Nimepata kiti," sauti ilisema, na haikuwa ya Mbaruku.

"Toka kwa huyu. Unataka nini utoke? Mbuzi? Marashi? Kitambaa chekundu?"

"Nataka kinachonitosha. Wote wananibana. Huyu bado kidogo." Kisha ikasema kama mtu anayepanga safari, "Jumatatu."

Mbaruku akaanguka. Nje cheni ilikuwa ikizunguka kwa kasi.

Maalimu alimvuta Stara pembeni. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Sijaweza, mwanangu, nisikufiche. Hakukaa kwa mumeo peke yake. Amekaa katika kile chuma, na kikiwapo, naye yupo. Kivunjeni kisibaki."

"Ni mali ya Boma."

"Najua," Maalimu alisema, akachukua chetezo chake na kuondoka.

Jumapili Mbaruku alikaa juu ya baiskeli uani, na nyayo zake zote mbili zikalala chini. Aliziangalia mwenyewe. Akamwita mkewe, na alipokuja, akamshika mkono.

"Sitaki kwenda," alinong'ona. "Lakini miguu inataka. Kesho ukiniona nacheka, Stara, usinifuate."

Alfajiri ya Jumatatu aliondoka kwa miguu kwenda Boma kuchukua mfuko wa barua, akiinama mlangoni ambamo zamani alipita wima. Angerudi kuchukua baiskeli. Stara alihesabu muda aliokuwa nao, akasikia kwa mbali, upande wa mashariki, honi ya gari moshi la mizigo, akaishika baiskeli kwa usukani na kuisukuma nje.

Haikukubali. Magurudumu yalikaza kana kwamba yamefungwa breki, akaikokota, ikachora mstari vumbini, pedali ikimpiga muundi mpaka damu ikatoka, na harufu ya mvua ikampanda puani akashindwa kuvuta pumzi, na gari moshi likalia tena, karibu zaidi, naye akajua kwamba kwa mwendo ule hatafika, kwamba mumewe atatoka Boma na mfuko mgongoni na kuikuta nusu ya njia, na kwa kutojua afanye nini kingine alikunja kanga yake, akainua mguu, yeye ambaye hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, akakaa juu ya kiti. Pale pale magurudumu yalilegea. Baiskeli ikateremka mteremko wa kuelekea relini kwa wepesi wa maji, miguu yake ikiwa imara juu ya pedali, mikono imara usukanini, kila kitu kikiwa mahali pake, na upepo ukivuma masikioni kama mtu anayecheka kwa chini. Alipoiona reli alijitupa pembeni. Baiskeli ikaingia yenyewe kati ya vyuma viwili, ikasimama wima, na gari moshi likaipitia.

Walioshuhudia walisema kilichosikika si mlio wa chuma. Wakati ule ule Mbaruku alidondoka kwenye lango la Boma, na alipozinduka aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Mbaruku hakukubali mkewe aguswe. Alimwambia Bwana Mkubwa kwamba ni yeye aliyeiacha baiskeli relini kwa uzembe, akalazwa chini, akapigwa hamsa wa ishirini mbele ya watu, akafungwa minyororo miezi miwili kutengeneza barabara. Stara alimpelekea chakula kila siku na kusimama mbali, akimtazama.

Siku aliyotoka, mgongo wake ulikuwa na makovu na mbavu zilihesabika. Alioga, akavaa kanzu ya Idi. Pindo likamgusa kwenye kifundo cha mguu. Stara alipiga magoti akalishika lile pindo, akalia mpaka Mbaruku akamwinua. Kwa ukosefu wa tarishi mwingine, Boma likamrudisha kazini na kumpa baiskeli ndogo iliyoletwa na gari moshi kutoka pwani, ambayo Silvano aliipima kwake tangu siku ya kwanza, kiti, usukani na pedali. Kila Jumanne alirudi salama. Mvua za masika zikaja, harufu yake ikajaa mji mzima, na Stara akajifunza tena kuipenda.

Ulikuwa mwezi wa pili wa amani hiyo mwanamke aitwaye Sikudhani alipokuja, amekunja uso. Alikuwa mteja wa Stara wa siku nyingi, na siku iliyotangulia alimwachia kitambaa cha kumshonea mumewe kanzu.

"Stara, mimi na wewe hatujawahi kugombana. Nilikuletea mikono minane. Mwanangu niliyemtuma asubuhi anasema unadai ni saba."

"Ni saba, dada. Nimepima mara mbili."

"Pima mbele yangu."

Stara akakiweka kitambaa mkekani, akapima toka kiwiko hadi ncha ya kidole, mkono mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa mikono saba. Sikudhani akakivuta, akapima kwa mkono wake. Kilikuwa mikono minane, na kipande kidogo kikabaki.

Walitazamana. Sikudhani akaunyoosha mkono wake kando ya ule wa Stara, kiwiko kwa kiwiko, kwa mzaha wa watu waliozoeana, wanawake wawili waliowahi kuazimana bangili. Vidole vya Stara vilivipita vyake kwa mbali, na mzaha ukamwisha. Akaurudisha mkono wake kifuani.

"Nitakishona leo leo," Stara alisema. "Umesema kweli, ni minane. Nilikosea mimi."

Sikudhani aliondoka bila kuaga vizuri. Stara akabaki amekaa, mikono mapajani, bila kuitazama. Mlangoni ikalia kengele ya baiskeli ndogo, na Mbaruku akabisha hodi kwa furaha, akisema ana njaa. Stara akainuka. Akaifungua kanga yake kiunoni, akaifunga tena chini zaidi, mpaka ikafunika vifundo vya miguu, ndipo akatoka kumpokea mumewe.