Udongo wa Kichuguu, Ghorofa ya Nne

Mkono wa Tabibumaji, mashine iliyotunza mimea ya majini, uliteremka ndani ya tangi bila kurusha hata tone. Ulishika jani moja jekundu, ukalimulika kwa jicho lake la kupimia rangi, ukaliachia taratibu, kisha ukahamia la pili. Tangi hilo lilijaza ukumbi mzima wa Jengo la Zabibu, mnara wa ghorofa sitini katikati ya Dodoma. Tangu miaka ya vumbi kubwa hakuna dirisha lililofunguliwa humo. Kila ghorofa ilikuwa na bustani-maji yake, na mimea ya majini ndiyo iliyowasafishia watu hewa. Mimea ikiugua, watu walibanwa vifua.

Sechelela, mhandisi wa bustani hizo, alizijua dalili zake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Jani kongwe likigeuka njano, mmea una njaa ya naitrojeni. Likitoboka matundu madogo kama ya sindano, umekosa potasiamu. Lakini jani changa likitoka limepauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani, hapo kinachokosekana ni chuma.

Asubuhi hiyo Tabibumaji ilimpa taarifa kwa sauti yake tulivu.

"Ghorofa ya nne. Chuma kinatosha. Uchafu umeonekana: udongo mwekundu. Kuna mtu anautia."

Ujumbe wa msimamizi wa jengo, Bwana Mnyukwa, ulifuata papo hapo. Alitaka jina la mhalifu kabla ya saa sita mchana. Mhalifu huyo angehamishwa na familia yake yote, nje, kwenye vumbi.

Sechelela alipanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya nne ndiko alikoishi kaka yake.

Alimkuta wifi yake, Matika, amekaa kando ya tangi la korido, mimba ya miezi saba ikiwa imejaa mapajani. Alipomwona tu, Matika alificha mkono ndani ya khanga.

"Shikamoo sikudai, mimi ni mdogo wako," Matika alisema. "Lakini hata hodi, wifi? Au siku hizi watu wa mashine hawabishi hodi?"

"Mkononi una nini?"

"Mkono."

"Matika!"

"Umekuja kama wifi au kama mpelelezi? Nijue nikukaribishe chai au nikuitie wakili."

Sechelela hakucheka. Aliinama kwenye kioo. Karibu mimea yote ilikuwa imepauka nchani, majani machanga meupe kama karatasi. Chini kabisa, kwenye changarawe, aliona vidonge vya udongo vilivyofinyangwa kwa vidole. Basi huyu ndiye anayeua tangi, aliwaza. Huyu huyu, mke wa kaka yangu.

Kisha akaona kitu ambacho hakikupatana na wazo hilo. Mmea mmoja tu ulikuwa na jani jipya la kijani kibichi, nao ndio uliozungushiwa udongo mizizini.

"Umeweka nini pale?" aliuliza, sauti imeshuka.

Matika alifungua kiganja. Kulikuwa na kipande cha udongo wa kichuguu, kimeng'atwa pembeni.

"Bibi amenitumia kutoka Mvumi. Hamu imenizidi, wifi, nakula mpaka nalala nacho mdomoni. Nikaona na haya majani yamepauka kama mimi, nikasema labda nayo yana hamu. Nikayagawia." Alijaribu kutabasamu. "Mashine yako imenishtaki?"

Sechelela alimshika kope la chini, akalivuta kidogo. Ndani lilikuwa jeupe, dalili ya damu kupungua.

"Kizunguzungu?"

"Kila siku. Na si mimi peke yangu. Mwenzangu wa chumba cha kumi alizaa kabla ya wakati. Mtoto kilo moja na nusu, bado yuko kwenye chupa ya kulelea watoto njiti. Tulidhani ni hewa."

Kwenye mkoba wake Sechelela alibeba kichupa cha kupimia alichokuwa nacho tangu chuoni, ambacho wenzake walimtania nacho. Alikinga maji ya tangi, akadondosha dawa. Maji yenye chuma yangegeuka zambarau. Haya hayakugeuka. Akakinga maji ya bomba la jikoni kwa Matika, kwa kuwa bomba na tangi vililishwa na mrija mmoja, na maji ya kunywa ya jengo yalitiwa madini vivyo hivyo. Nayo yalibaki meupe.

"Tabibumaji," aliita kupitia simu yake, "ulisema chuma kinatosha. Kinatosha kwa nani?"

"Kinatosha kwa mgao uliowekwa."

"Mgao wa ghorofa ya nne ni kiasi gani?"

"Sifuri. Ghala likipungua, tangi la ukumbi hutangulia. Ghorofa ya kwanza hadi ya kumi na nane husubiri."

"Nani aliweka amri hiyo?"

"Mhandisi Sechelela. Tarehe tatu Machi."

Aliikumbuka. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Alitaka kila anayeingia kutoka kwenye vumbi akutane na wekundu ule, apate matumaini, na mimea myekundu hula chuma kingi. Aliandika maneno matatu tu: majani mekundu kwanza. Hakuuliza kinatoka wapi.

Matika alikuwa akimtazama.

"Futa amri," Sechelela alisema. "Mabomba ya kunywa kwanza. Ghorofa zote."

"Majani ya ukumbini yatapauka. Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache. Aliandika ujumbe kwa Bwana Mnyukwa: *Kosa la ghorofa ya nne limegunduliwa. Jina ni Sechelela. Naleta maelezo mwenyewe.* Akautuma.

"Udongo uache," alimwambia wifi yake. "Kwa mmea chuma chake ni chakula, kwako unazuia hata kile chuma kidogo unachopata. Leo twende kliniki, na wa chumba cha kumi tumpitie."

"Na haya meupe yatarudi kijani?"

"Hapana. Jani lililopauka halirudi. Tutaangalia litakalochipua."

Matika alikitupa kipande cha mwisho tangini, kando ya mzizi uliopauka kuliko yote, kisha akanyoosha mkono ainuliwe.