Nusu Saa Angani

Walikutana kwenye foleni ya duka la simu, siku ambayo ungedhani mji mzima umeharibikiwa na simu. Zimamoto, aliyekuja mjini kwa mafunzo, alikanyaga upindo wa gauni la kijani la dada aliyekuwa mbele yake. Dada huyo alikuwa msusi.

"Kaka, gauni hili halina bima."

"Niwie radhi, dada. Mimi ni wa uwanja wa ndege wa kisiwani. Kwetu hakuna foleni, sijazoea kuwa na mtu mbele."

Msusi alicheka. Kicheko kikazaa soda, soda ikazaa namba. Mafunzo yalipokwisha, zimamoto akarudi kwao, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Utakuja lini, mpenzi?"

"Mwezi ujao, laazizi. Huku ni mbali, safari inakula siku nzima."

Mwezi ujao ukazaa mwingine. Msusi alifunga saluni jioni, akapika chakula cha mtu mmoja, akala akiwa amesimama. Shoga yake wa saluni alimwambia, "Mwanamume asiyekuja ana pa kukaa." Neno lile likamchoma.

Jumamosi moja alipanda ndege bila kumwambia mtu. Barabara ya kwenda uwanjani ilimla asubuhi yote. Angani ilikuwa nusu saa. Hata juisi hakuimaliza. Umbali wenyewe uko wapi?

Alimkuta zimamoto amevaa mabuti hadi magotini, anaosha gari jekundu.

"Umekujaje?"

"Kwa ndege, kama watu. Nionyeshe huyo mke."

"Mke gani?"

"Anayefanya nusu saa iwe siku nzima."

Zimamoto alifunga maji. "Siku nzima ni ya meli niliyokuja nayo mafunzoni, nayo iliondolewa niliporudi. Ndege sipandi. Mwaka wangu wa kwanza hapa iliwaka moja, pale mwisho wa njia ya kurukia. Mimi ndiye niliyewatoa watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Zimamoto anayeogopa ndege? Ungenicheka."

"Ningekuja mapema."

Msusi alimkumbatia hivyo hivyo alivyolowa. Walikula pamoja, wakataniana, mpaka abiria wakaitwa.

"Twende wote," msusi alisema. "Nitakushika mkono mpaka tutue."

Zimamoto alimbebea mkoba hadi chini ya ndege. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Vidole vikamganda kwenye chuma.

"Siwezi, laazizi."

Msusi akauchukua mkoba wake taratibu, akapanda. Kiti cha pembeni yake hakikuwa na mtu.

Alipotua alimpigia. "Nimefika."

"Mapema hivyo?"

"Ni karibu. Ni karibu mno."

"Utakuja tena?"

"Nitakuja. Ila siku moja, mpenzi, na mimi niwe na mtu wa kumpokea."

Msusi aliibana simu sikioni, akamsikiliza akipumua, hadi abiria wenzake wote wakapokewa na watu wao.