Sauti Mpya ya Tito

Jumamosi moja asubuhi, watu walikuwa wamejazana mbele ya duka la televisheni pale Toi Market utadhani kuna mpira. Hapakuwa na mpira. Kwenye skrini zote za dukani alikuwa akiruka ndege wa samawati mwenye mdomo mrefu, na chini yake maandishi makubwa: Tito wa Mtoni amerudi!

Nereah alikuwa ametumwa na bosi wake nywele za kusukia wateja. Alizisahau pale pale. Tito alikuwa katuni ya utoto wake, na ya kila mtu wa rika lake. Alikuwa mdiria, ndege mla samaki, mwenye kigugumizi. Hata jina lake lilimshinda kutamka, lakini mamba wakija, ndiye aliyewaokoa wenzake wote.

"Wamemnyoa!" Nereah alipaza sauti. "Kishungi chake kiko wapi?"

"Labda alienda saluni," alisema mwanamume aliyesimama kando yake.

Nereah akageuka. Mwanamume yule alikuwa mrefu, shati la kitenge limenyooshwa kwa pasi, raba nyeupe ambazo vumbi la Toi lilikuwa bado halijazifikia.

"Mimi ndio saluni," Nereah alimjibu. "Hakuna msusi anaweza fanyia ndege hivyo."

"Naamini. Una kitana kichwani."

Nereah alijishika kichwa. Kweli kitana kilikuwa kimechomekwa kwenye rasta zake tangu alipotoka saluni kule Ayany, na alikuwa amepita soko zima nacho. Walicheka mpaka mwenye duka akawaambia kama hawanunui televisheni wasiwazibie wanaonunua.

Mwanamume yule aliitwa Kihara. Alikaa Kawangware kwa mama yake, na alisema anafanya kazi studio, "mambo ya sauti." Hakusema zaidi, na Nereah hakuuliza. Alichokuwa akisikiliza ni namna alivyoongea, polepole, kila neno likiwekwa chini kama yai.

"Mbona unachagua maneno kama mtu anachagua nyanya?" alimuuliza walipokuwa wakipeana namba.

"Naogopa kuokota iliyooza."

Simu zikaanza.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula nini na hujaniletea?"

"Nitakuja na chapo. Na mimi mwenyewe."

"Chapo zitangulie. Wewe nitakufikiria."

Alikuja, na akaja tena. Walitembea barabara ya Ayany jioni kabla ya jua kuzama, Nereah akiwa na sweta lake la manjano, akiongea kwa niaba ya wote wawili. Alimsimulia mtaa wa Gatwekera wa utoto wao, jinsi yeye na kaka yake Billy walivyokuwa wakichungulia televisheni ya jirani kupitia tundu la mabati.

"Billy ana kigugumizi," alisema. "Watoto walikuwa wanamcheka. Halafu Tito akatokea kwa TV, anaongea vile vile. Siku hiyo Billy alirudi ndani kifua mbele. Unajua hiyo ni nini, babe?"

Kihara aliangalia viatu vyake. "Najua," alisema.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kumwambia. Neno lilimfika kooni, likakaa, na Nereah alikuwa tayari ameanza hadithi nyingine.

Sehemu ya kwanza ya Tito mpya ilipoonyeshwa, Nereah na Billy walikaa pamoja kwenye kochi. Siku hizi Billy alikuwa fundi wa mbao, baba wa watoto wawili. Tito akatua kwenye tawi, akafungua mdomo, na maneno yakamtoka laini kama mtangazaji wa habari. Hakukwama hata mara moja. Kabla ya nusu saa kwisha Billy aliinuka, akatoka nje bila kusema kitu.

Nereah aliuona mgongo wa kaka yake ukipita mlangoni, na moyo wake ukawaka. Akachukua simu, akajirekodi.

"Mlichukua ndege wetu mkamtoa ulimi! Mliona aibu kuonyesha mtu anaongea kama kaka yangu! Na wewe uliyeleta hiyo sauti ya redio, popote ulipo, wewe ni mwoga!"

Kufikia asubuhi video ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Watu wazima waliandika kwamba walilia. Nereah alimpigia Kihara akicheka kwa furaha.

"Umeona, babe? Nchi nzima iko nyuma yangu!"

"Hongera," Kihara alisema.

"Ni hivyo tu?"

"Niko kazini, mrembo. Nitakupigia."

Hakupiga. Baada ya siku chache Maggie, mwenye saluni, alikuja na simu mkononi, akaigeuza ili Nereah aone bila kumwacha mteja. Ilikuwa picha ya Kihara mbele ya maikrofoni. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba huyu ndiye sauti mpya ya Tito, akanukuu mahojiano yake: *Mimi ndiye niliyewaomba watoe kigugumizi cha Tito.*

"Si huyu ndiye wa chapati?" Maggie aliuliza kwa sauti ya chini.

Nereah aliacha kichwa cha mteja nusu, akatoka nyuma ya saluni, akampigia.

"Kihara. Ni wewe?"

Alisikia pumzi yake. "Ni mimi. Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nilikueleza habari za Billy, ukanyamaza! Nilikuita mwoga mbele ya watu, ukasema hongera! Ulikuwa unanicheka?"

"Sikuwa na... Ni-ni-nisikize. N-n-n-ne..."

Nereah aliganda. Kisha machozi yakamtoka kwa hasira.

"Sasa unaniigizia kaka yangu? Kihara, umekosa adabu kiasi hicho?"

Alikata simu. Alipopigiwa tena, aliizima kabisa.

Wiki hiyo mambo yaliharibika haraka. Mtu aliweka mtandaoni mahali ilipo ploti anayokaa mama yake Kihara. Wengine walileta mambo ya kabila, kwamba watu wa kwao Kihara siku zote huharibu vitu vya wengine, kana kwamba Tito naye alikuwa na kabila. Vijana walifika Kawangware wakapaka lango rangi ya samawati na neno MWOGA. Neno lilikuwa la Nereah. Aliliona kwenye picha.

Bado alikuwa na hasira. Lakini hakuweza kula.

Billy alimkuta ameketi mlangoni. "Huyo jamaa wako alikuja jana," alisema. "U-u-ulikuwa kazini."

"Alitaka nini?"

"Alitaka ku-kuniomba msamaha. Ilimchukua muda. Nereah, yule haigizi. Mimi siwezi danganywa na hiyo kitu. Akiongea polepole inajificha, na akiigiza inapotea."

Nereah alimtazama bila kupepesa.

"Shule walimuita Tito," Billy aliendelea. "Ki-kila siku. Walimu pia. Hakuna mtu alimuita jina lake mpaka akahama. Sasa hapo studio wakamuuliza anataka nini, akasema mtoto mwingine a-a-asiitwe hivyo."

"Lakini wewe ulitoka nje, Billy. Nilikuona."

"Nilitoka kwa sababu nilimkosa. Mimi Tito nilimpenda. Lakini mi-mimi nilikuwa na wewe, ukipiga kila mtu aliyenicheka. Yeye alikuwa na nani?"

Mashabiki wa Tito walikuwa wameitisha mkutano kwenye ukumbi mmoja Ayany, na Nereah ndiye aliyesubiriwa kuzungumza. Aliingia na sweta lake la manjano, akakuta watu wazima wenye fulana za samawati wakiimba wimbo wa katuni. Khamala, mwenyekiti wao, alikuwa amevaa kofia yenye kishungi. Alimkabidhi maikrofoni kama anayempa bendera.

"Tuambie, dada! Huyo Kihara tumfanye nini?"

"Mumwache," Nereah alisema.

Wimbo ulikatika.

"Tito mpya siipendi, na sitanyamaza. Lakini Kihara ana kigugumizi. Mimi nilimuita mwoga bila kumjua. Neno langu liko kwa lango la mamake. Kama mnanipenda, mwende mkalifute."

"Umenunuliwa!" mtu alipiga kelele. Wengine wakazomea. Chupa ya maji ikapita karibu na sikio lake. Khamala alinyoosha mkono kuichukua maikrofoni, na hapo Nereah akamwona Kihara. Alikuwa akija katikati ya viti, shati halikupigwa pasi, uso umekonda. Hakuna aliyemtambua mpaka alipopanda jukwaani, akaipokea maikrofoni.

"M-m-mimi..." alianza. Mtu akacheka. Kihara alifumba macho. "Mimi ndiye K-K-K..."

Alikwama. Ukumbi mzima ulimtazama koo likipanda na kushuka. Nereah alilijua jina lile, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na aliliuma. Hakumsaidia. Alisimama kando yake tu, mkono mgongoni pake, mpaka jina likatoka lenyewe.

"K-Kihara. Mnaweza kuchukia kazi yangu. Mamangu m-mumwache."

Khamala alivua kofia, hakujua aiweke wapi. Kihara alirudisha maikrofoni akatoka, na Nereah akamkimbilia mpaka nje.

"Nisamehe," alimwambia.

"Uliniumiza."

"Najua."

"Na mimi nilikuficha." Alivuta pumzi. "Bado unaichukia katuni yangu?"

"Vibaya sana."

"Mimi pia ile ya zamani bado naichukia." Akamshika mkono. "Jumapili uje kwetu. Mathe anataka kukuona."

"Kunifanya nini?"

"S-sijui. Hajasema."

Jumapili Wangoi, mama yake Kihara, alimfungulia mlango bila tabasamu, kitambaa kichwani, aproni ya maua kiunoni.

"Wewe ndiye ulimuita mtoto wangu mwoga?"

"Ndiyo, mama. Nilikosa. Nimekuja kuomba msamaha."

Wangoi alimpima kuanzia rasta hadi viatu. Kisha akamsogezea beseni la viazi na kisu. "Menya. Hizo ni za kuponda mukimo."

Nereah akakaa kwenye kigoda akamenya. Kihara akavuta kigoda kingine, akachukua kisu chake. Wangoi alikoroga sufuria akiwa amewapa mgongo.

"Mathe," Kihara alisema. "Huyu Nereah nataka k-k-k..."

Mwiko ulisimama. Mama hakugeuka, Nereah hakuinua macho, na wote wawili walingoja.

"...kumuoa."

"Nimesikia," Wangoi alisema. "Yeye je, umemuuliza?"

Kihara alimgeukia Nereah, kiazi mkononi, masikio yamewaka moto. Nereah alijifuta mikono kwenye sketi yake nzuri ya kanisani.

"Nitakuoa," alisema.

Wangoi aligeuka. "Anaolewa nani hapa?"

"Mtaamua nyinyi, mama. Mimi nimekubali."

Wangoi aliangua kicheko, akashika meza, akacheka mpaka akatafuta pembe ya aproni kujifutia macho.