Nyota Tano za Plamenka

Kila siku akitoka shule, Zornitsa alivua viatu mlangoni, akapaka mkate rojo la hoho na nyanya, kisha akaketi kwenye meza ya jikoni mkabala na mama yake. Mama alikuwa na kompyuta nzima. Zornitsa alitumia ile ya zamani ambayo herufi zake nyingine zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa. Kuanzia saa nane mpaka jua linazama nyuma ya maghorofa ya mji wao wa Sevlievo, wawili hao walihamisha kurasa.

Kurasa zenyewe zilikuwa za tovuti ya mama iliyoitwa Zimnina, jina la vyakula vyote ambavyo watu wa kwao hutia kwenye mitungi ya kioo kabla ya baridi. Mama Nevena hakuuza kitu. Alishauri tu: mtungi upi haupasuki, kifuniko kipi kinabana, tanuri lipi la umeme linachoma hoho vizuri. Msomaji akibonyeza kiungo na kwenda kununua dukani, duka lilimpa mama kamisheni. Mama alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha vyombo vya umeme kabla hakijafungwa, kwa hiyo hakusifu kifaa bila kukifungua kwa bisibisi na kukipima. Wasomaji walilijua hilo, na wengine walikuwa wakimfuata tangu Zornitsa anatambaa.

Lakini tovuti ilikuwa imezeeka. Kwenye simu maandishi yake yalionekana madogo kama chawa, picha zikagoma kufunguka, watu wakaondoka mmoja mmoja. Msimu wa hoho wa mwaka uliopita ulipita hivihivi. Baba alikuwa akiendesha malori ya safari ndefu na alionekana nyumbani mara chache. Mama akasema waziwazi kwamba msimu huu nao ukiharibika, ataenda Ujerumani kutunza wazee wa watu, na Zornitsa atahamia kwa shangazi yake mjini Pleven. Alilisema akiosha vyombo, bila kugeuka, na Zornitsa alijua kwamba mama akisema kitu bila kugeuka amekwisha kuamua.

Kwa hiyo walikuwa wakiijenga tovuti upya, kwenye mfumo wa kisasa. Katika mfumo huo mtu huandika maneno yake kwenye visanduku, na kiolezo hupanga chenyewe rangi, picha na vitufe. Kilikuwa kiolezo kizuri, lakini kilikuwa na tabia moja ya kiherehere. Kila kifaa kilichoingizwa kilipewa nyota tano na kitufe chekundu cha NUNUA HAPA, mpaka mtu aje azipunguze nyota kwa mkono wake. Tena mfumo haukuvitambua visanduku vya rangi ambamo mama alikuwa ameandika mambo ya kuzingatia kwenye tovuti ya zamani. Palipokuwa na kisanduku cha kale, uliacha mabano na alama za ovyo, maneno yakiwa yamefungwa humo ndani.

"Kila ukurasa usome mwanzo hadi mwisho," mama alimwambia. "Toa mabano, acha maneno, rekebisha nyota. Ukimaliza, weka alama kwenye daftari."

Zornitsa hakuwa mvivu, na asiyeamini ajaribu yeye kusoma kurasa mia moja za vifuniko vya mitungi. Kurasa sitini za kwanza alizisoma zote kwa uaminifu. Ukurasa wa sitini na moja macho yalikuwa yakimwasha, nje wenzake walikuwa wakicheza mpira wa wavu, na akagundua kwamba mfumo una amri ya kutafuta na kufuta kwa mpigo mmoja. Akaiambia ifute kila kilichokuwa ndani ya mabano, kurasa zote. Kufumba na kufumbua mabano yakatoweka na kurasa zikawa safi kabisa. Akachukua daftari, akatia alama arobaini mfululizo, akibadilisha kalamu mara mbili ili alama zisifanane. Kisha akaenda kucheza.

Jumatatu tovuti mpya ikafunguliwa, na kufikia Jumatano wasomaji walikuwa wamerudi kwa wingi ambao mama hakuwa ameuona kwa miaka mitatu. Duka lilileta taarifa kwamba matanuri ya hoho kumi na moja yalikuwa yamenunuliwa kupitia Zimnina. Mama alimshika Zornitsa mabegani, akamzungusha hapo jikoni, akasema kwamba labda Ujerumani itamsubiri. Zornitsa alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alhamisi alipewa kazi ya kujibu maoni ya wasomaji. La tatu lilitoka kwa Bibi Tsonka wa kijiji cha Dolna Slivka, mjane ambaye kila vuli aliandika neno moja au mawili. Bibi Tsonka alishukuru kwa herufi kubwa, akasema sasa anaisoma tovuti bila miwani. "NIMENUNUA PLAMENKA KAMA MLIVYOSHAURI. JUMAMOSI NACHOMA HOHO."

Zornitsa alilisoma mara mbili. Jina la Plamenka alilikumbuka. Miaka miwili nyuma mama alilifungua tanuri hilo juu ya meza hiihii, akakuta halina waya wa ardhini wa kuondoa umeme unaovuja, na nyaya za ndani zinagusa bati. Kipimo kilionyesha umeme kwenye mwili mzima wa tanuri. Mama alikuwa ameandika onyo refu ndani ya kisanduku chekundu: msinunue kifaa hiki, kinaweza kuua.

Kisanduku kile sasa kilikuwa kimegeuka mabano, na mabano Zornitsa alikuwa ameyafuta. Akafungua ukurasa. Palikuwa na picha ya Plamenka inayong'aa, nyota tano na kitufe chekundu. Katika taarifa ya duka, matanuri yote kumi na moja yalikuwa Plamenka.

Alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya kwanza: alificha. Alichukua onyo kutoka kwenye nakala ya tovuti ya zamani, akalirudisha mahali pake, akaondoa nyota na kitufe. Ilimchukua dakika nne. Akajiambia kwamba yamekwisha, ila moyo wake haukukubali, maana watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kununua.

Ijumaa wakati wa mapumziko alimweleza Yavor, jirani yake wa dawati, huku akimwapisha asiseme.

"Sasa unalia nini?" Yavor aliuliza akitafuna mbegu za alizeti. "Umesharekebisha. Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Wewe nawe! Ukisema, mama yako anafunga tovuti, halafu anapanda basi la Ujerumani. Ndicho unachotaka?"

Sicho alichotaka. Ndicho alichokiogopa kuliko kitu chochote duniani, na Yavor alikuwa amegusa kidonda chenyewe. Zornitsa alirudi darasani, akatazama ubao kipindi kizima bila kuona neno. Kila alipofumba macho aliona mkono wa kizee ukishika bati. Kusema kulimaanisha kumpoteza mama. Akinyamaza, je, itakuwaje kwa Bibi Tsonka? Aligeuza mambo huku na huku, hakuona mlango wa kutokea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa maradhi yalikuwa ya Zornitsa na kifo kingemchukua mtu mwingine.

Alipofika nyumbani mama alikuwa akiimba. Zornitsa alisimama na mkoba mgongoni, viatu miguuni.

"Mama, sikuzisoma," alisema. "Kurasa arobaini. Niliweka alama za uongo. Onyo la Plamenka nililifuta, na watu wamelinunua. Bibi Tsonka anachoma kesho."

Mama aliacha kuimba. Uso wake ulibadilika rangi ukawa kama unga, akaketi polepole. Zornitsa alingoja kofi, alingoja kelele, hata angeshukuru. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Umejua tangu lini?"

"Jana."

"Jana," mama alirudia, na neno hilo lilimchoma Zornitsa kuliko kofi.

Hapo ndipo walipoujua upande mchungu wa kazi yao. Tovuti kama Zimnina haimjui mnunuzi. Humwelekeza mlangoni pa duka, basi. Majina na anwani hubaki dukani. Mama alipiga simu, akaeleza, akasihi. Kijana wa upande wa pili alijibu kwa adabu kwamba majina ya wateja ni siri, kwamba wao wenyewe watawaandikia, na kwamba mhusika atarudi kazini Jumatatu. Mama alimwambia Jumatatu mtu anaweza kuwa kaburini. Kijana akasema anaelewa, lakini hana ruhusa.

Mama akageukia kompyuta na kuandika tangazo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Zornitsa alisoma begani kwake: Tumekosea. Tumewashauri mnunue kifaa cha hatari. Msikichomeke kwenye umeme. Chini yake mama aliweka jina lake kamili na namba ya simu.

"Mama, tusiseme ni kosa letu," Zornitsa aliomba. "Tuseme tanuri limeharibika. Wakijua hawatarudi, na wewe utaondoka."

"Nikiandika limeharibika, kila mmoja ataona lake ni zima na atalichomeka," mama alisema. "Keti. Saidia kutuma."

Tangazo likatumwa kwa barua pepe kwa wasomaji wote waliojiandikisha. Kufikia wakati wa chakula cha jioni wanunuzi sita walikuwa wamepiga simu. Mmoja alitukana kwa dakika tano nzima na mama alimsikiliza mpaka mwisho. Bibi Tsonka hakupiga. Hakuwa amejiandikisha, na kwenye maoni yake palikuwa na jina na kijiji tu. Simu ya ofisi ya kijiji iliita mpaka ikakatika, kwani Ijumaa jioni nani yupo ofisini?

Asubuhi walipanda basi la kwanza. Dolna Slivka ilikuwa mwendo wa saa nzima, na dereva alisimama kila penye banda la kituo. Zornitsa alimhesabia kila kituo kwa hasira, ingawa mtu huyo hakuwa na kosa. Waliposhuka, harufu ya hoho zinazoungua ilikuwa imejaa kijijini, ikitoka kila ua. Siku nyingine angeipenda. Leo alihisi kichefuchefu, akaanza kukimbia huku mama akiuliza njia nyuma yake.

Ua wa Bibi Tsonka ulikuwa umemwagiwa maji na kufagiwa. Bibi alikuwa amesimama katikati ya magunia mawili ya hoho, kizee kifupi chenye kilemba, miguuni raba nyeusi za bustanini. Mbele yake, juu ya kigoda, Plamenka ilikuwa nyekundu ndani kwa moto. Mkono wake ulikuwa ukielekea kwenye kifuniko.

"Bibi, usiguse!" Zornitsa alipiga ukelele.

Mama alipita mbio, akaufuata waya mpaka ukutani, akaung'oa kwa kuushika plastiki. Kisha akaegemea ukuta huo.

Walipoeleza wao ni nani, Bibi Tsonka alifurahi kama aliyetembelewa na ndugu, akataka kuwatengea chakula. Ilibidi mama amketishe kwanza. Alimweleza kwamba bati lile lilikuwa na umeme tangu alipolichomeka, na kwamba kwenye ua wenye maji zilizomwokoa ni raba zake. Bibi alivitazama vidole vyake.

"Ndiyo maana," alisema. "Kila nikigusa, vidole vinawasha mpaka kwenye kiwiko. Nikajiambia ni uzee, Tsonka. Nikafikiri kulizima. Lakini nyinyi mlikuwa mmeandika ni zuri, nyota tano. Nikaamini maandishi yenu kuliko vidole vyangu."

 Zornitsa alisikia maneno hayo yakishuka ndani yake na kukaa.

"Ni mimi, bibi," alisema. "Mama hakuandika vile. Nilipewa kazi ya kusoma, nikadanganya kwamba nimesoma. Nisamehe."

 Bibi Tsonka alisema kusamehe atasamehe, lakini hoho hazijichomi, na mwenye kosa ndiye atakayekata kuni. Basi Zornitsa alikata kuni. Walilaza bati la zamani juu ya matofali, wakawasha moto, na watatu hao wakachoma magunia yote mawili. Adhuhuri mikono ya Zornitsa ilikuwa na malengelenge na macho mekundu kwa moshi.

Wakingoja basi, mama alizungumza hatimaye.

"Kosa la kuchoka na kupita njia ya mkato ningelisahau," alisema. "Kila mfanyakazi hukosea. Lile la kujua na kunyamaza siku nzima ndilo linalonitisha. Anayekusoma hakuoni, mwanangu. Hajui kama ulikuwa umechoka au ulitaka kwenda kucheza. Anachukua neno lako na kuweka mkono wake juu yake. Kama hujasoma, sema hujasoma. Kama umekosea, sema siku ileile."

"Na Ujerumani?" Zornitsa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nikienda, nitakwenda na jina langu safi. Bila hilo hata Ujerumani sina la kwenda kufanya."

Siku ya kazi iliyofuata duka liliwafikia wanunuzi wanne waliobaki. Wote walikuwa wazima, na matanuri yalirudishwa. Mama aliifunga Zimnina kwa wiki mbili, akaacha lile tangazo peke yake, na msimu wa hoho ukapita hivyo. Zilikuwa wiki ngumu na kila jioni Zornitsa alitazama kama begi kubwa la safari limeshushwa kutoka juu ya kabati. Lakini Novemba, watu wanapotafuta mapipa ya kabichi ya chumvi, wasomaji walirudi, na wengi waliandika kwamba wanaiamini tovuti inayokiri kosa lake. Mama hakwenda Ujerumani mwaka ule.

Zornitsa alizisoma zile kurasa arobaini katika wiki hizo mbili, moja baada ya nyingine, kwa sauti, huku mama akisikiliza na kupika. Alikuta maonyo mengine matatu yaliyofutwa. Kila alipokuta moja alisimama, akamwita mama, na wakalirudisha pamoja.