Shimo la Kulia

Siku ya tisa ya mwezi wa pili wa msimu wa Mafuriko, katika mwaka ambao ng'ombe wa Misri yote walihesabiwa mara ya saba tangu mfalme akalie kiti, Inti aliamka kabla ya jua kuchomoza, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alimsaidia mama yake, Nubet, kupasha moto vyungu vya kuokea mikate ya wajenzi, akamenya vitunguu, akajaza kapu, kisha akajitwika na kupanda nalo hadi kwenye uwanda wa jangwa ulio juu ya mji wa Ukuta Mweupe. Huko ndiko nyumba ya milele ya mfalme ilikokuwa ikijengwa.

Ilikuwa nyumba ya kuchanganya akili. Wafalme wa zamani walizikwa chini ya majengo ya matofali ya udongo, marefu na bapa, na kila mtu aliyaelewa. Hili lilikuwa la mawe. Lilipokwisha kujengwa bapa, ilikuja amri lipanuliwe. Lilipopanuliwa, ilikuja amri lijengwe jingine dogo juu yake, na juu ya hilo jingine tena. Wazee waliozoea matofali walisimama chini wakilitazama na kukuna vichwa. Idu, mvulana aliyeongoza punda wa maji, alidai kwamba mfalme anajengewa ngazi ya kupandia mbinguni. Wengine walinong'ona kwamba mafundi wamekosea vipimo na sasa wanaficha aibu. Inti alipomwuliza baba yake, Hesi, ambaye alikuwa mchonga mawe, ni kitu gani hasa wanachojenga, baba alimjibu kwamba yeye huambiwa achonge mawe, hajawahi kuambiwa achonge majibu.

Baada ya kugawa mikate, Inti alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda zaidi. Msimamizi wa kazi, Bwana Werka, alimtuma kupeleka maagizo kutoka upande mmoja wa jengo hadi mwingine, kwa sababu nyundo zilipiga kelele mno na sauti ya mtu haikuweza kuvuka. Inti alikuwa na mbio, na alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Lakini asubuhi ile mambo hayakumwendea vizuri. Alitumwa kuwaambia wavuta mawe wapunguze maji wanayomwaga mbele ya magogo ya kuburutia. Njiani akaingiwa na wasiwasi: wapunguze au waongeze? Akarudi kuuliza. Akaenda, akasahau ni wavutaji wa njia ipi, akarudi tena. Bwana Werka aligeuka na kusema mbele ya watu wote, "Hayo ni masikio, au ni mishikio ya mtungi?"

Watu walicheka. Idu alicheka kuliko wote, na kila Inti alipopita karibu na punda wake, alimwita Mtungi na kumwuliza kama amejaa au bado. Inti aliapa moyoni kwamba siku ile hatarudi tena kuuliza jambo lolote.

Pembeni mwa jengo palikuwa na mashimo mawili marefu yaliyochimbwa kwenda chini, na kila moja lilikuwa na handaki kwenye kina chake. Hayo yalikuwa makaburi ya jamaa za mfalme. Katika shimo la magharibi, shangazi yake mfalme alikuwa amezikwa siku chache zilizopita. Makuhani walikuwa wamemaliza sala zao, na lililobaki lilikuwa kulijaza shimo vifusi vya mawe ili wezi wasimsumbue bibi yule. Shimo la mashariki lilikuwa bado linatayarishwa. Midomo ya mashimo yote mawili ilifunikwa kwa mikeka kwa sababu ya jua, na mtu mgeni asingeweza kuyatofautisha.

Hapa hamna budi kufahamu namna tunavyosema. Mtu wa Misri akitaka kujua alipo, huelekeza uso wake kusini, kule Mto unakotoka. Hapo magharibi huwa mkono wake wa kulia, na kwa hiyo neno la kulia na neno la magharibi kwetu ni neno moja. Tena watu wetu, kwa kuwa maisha yao ni ya Mto, huviita vikosi vya kazi kwa majina ya pande za mashua. Palikuwa na Kikosi cha Kulia na Kikosi cha Kushoto. Na ilitokea kwamba Kikosi cha Kulia, kikosi cha Hesi, ndicho kilichochimba shimo la mashariki.

Jua lilipokuwa likikaribia utosini, Bwana Werka alikuwa juu ya jengo akinyoosha kamba ya kupimia. Bila kugeuka alimwambia Inti, "Nenda kwa wale wakulima waliofika jana. Waambie waanze kujaza shimo la kulia, makuhani wanangoja."

Inti alikimbia. Wakulima hao walikuwa watu ambao mashamba yao yalikuwa chini ya maji ya mafuriko, wakaja kufanya kazi ya mfalme mpaka maji yapungue. Kiongozi wao aliitwa Pehen, mtu mnene, mpole, aliyezungumza taratibu. Alimsikiliza Inti mpaka mwisho, akayatazama mashimo, akajikuna ndevu.

"Kulia ipi, binti? Kulia ya mkono, au Kulia ya kikosi?"

Inti alisimama. Swali hilo halikuwa limemjia kabisa. Alijaribu kuyakumbuka maneno ya Bwana Werka, lakini kila alipoyarudia kichwani yalikuwa yaleyale, na kila mara yalielekea pande zote mbili. Alitazama juu, akamwona Bwana Werka amewageuzia mgongo. Alitazama chini, akamwona Idu anakuja na punda wake, midomo ikiwa tayari kusema jambo. Kurudi ilikuwa ni kupanda njia yote ile ili achekwe tena.

"Ya kikosi," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Pehen alimshukuru. Alitaka kujua kama humo ndani hamna mtu, na Inti akamweleza kwamba Kikosi cha Kulia kizima kimekwenda machimboni tangu alfajiri. Hilo alilisema kwa uaminifu, maana aliwaona wakiondoka. Hata hivyo, Pehen alikunja mkeka, akainama na kuita mara kadhaa. Hakuna aliyejibu. Basi wakulima wakachukua makapu, wakaanza kumimina vifusi.

Inti alirudi jikoni kwa mama yake, lakini hakuwa na raha. Alijiambia kwamba bila shaka ni ya kikosi. Kisha akajiambia kwamba bibi yule alizikwa upande mwingine, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kikosi. Kisha akajiuliza kama alizikwa upande huo kweli, au yeye alikuwa amesimama ameelekea kaskazini siku ile ya mazishi. Aliinua mkono mmoja, akauangalia, akauinua wa pili. Mama yake alimwuliza kama anafukuza nzi.

Alipokuwa akizunguka hivyo, Nubet alifunga mkate na samaki mkavu katika kitambaa, akamwambia ampelekee baba yake. Inti aliuliza kama ni lazima aende mpaka machimboni. Mama alishangaa. Alimweleza kwamba Hesi hakwenda na wenzake, kwani aliambiwa abaki handakini peke yake alainishe ukuta wa mwisho.

"Handaki lipi, mama?"

"La mashariki. Wamechimba lipi jingine?"

Kitambaa kilimponyoka mkononi. Mama akamwita, lakini Inti alikuwa amekwisha kutoka mbio.

Alipofika, makapu yalikuwa yakipokezanwa bila kusita na vumbi jeupe lilikuwa limetanda juu ya shimo. Inti alimshika Pehen mkono na kumwomba aache. Wanaume walisimama, wakatazamana. Pehen hakukasirika. Alionekana tu hajui afanye nini, kwa maana kuisimamisha kazi ya mfalme bila amri ni kutafuta fimbo.

"Binti, amri ya kujaza niliipata kwako," akasema. "Sasa ya kuacha naipata kwako pia. Nishike ipi?"

Inti angeweza kudai kwamba Bwana Werka amebadili mawazo. Lilikuwa neno jepesi, na kwa jengo lile ambalo amri zake zilibadilika kila mwezi, kila mtu angeliamini. Lakini kama Pehen angelishuku, angetuma mtu juu kuhakikisha, na makapu yangeendelea kumiminwa.

"Ya kwanza nilikisia," akasema, na watu wote wakasikia. "Uliponiuliza kulia ipi, sikujua. Bwana alisema shimo la kulia tu. La kikosi ni neno langu mwenyewe, nililisema nisichekwe. Na baba yangu yumo humo."

Pehen aliliweka kapu chini. Hakumwuliza Inti neno jingine. Alijifunga kamba kiunoni, akawaagiza wenzake wamshushe, na mara makapu yaleyale yakaanza kupanda badala ya kushuka.

Bwana Werka alikuja akiwa na fimbo yake mkononi na makuhani wawili nyuma yake, akitaka kujua ni nani aliyesimamisha kazi, na kwa nini shangazi yake mfalme bado amelala katika kaburi lililo wazi. Inti alisogea mbele, akayasema yote upya tangu mwanzo, na mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa kuwa Idu alikuwepo na makuhani walikuwepo. Alipomaliza, msimamizi alikitazama kifusi kilichokuwa kinatolewa, rangi ikambadilika.

"Mimi nilisema la kulia, yaani la magharibi," akasema polepole. "Ni nani ambaye hakujua kwamba nasema la magharibi?"

"Ni sisi sote, bwana," sauti ya Pehen ikajibu kutoka shimoni.

Vifusi vilikuwa vimefunika mlango wa handaki karibu wote. Walitoa kapu baada ya kapu. Nubet alifika akihema. Hatimaye kamba ilitikiswa, wanaume wakavuta, na Hesi akatokea mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi miguu, taa yake iliyozimika ikiwa bado mkononi. Alikuwa ameegemea ukuta wa ndani kabisa akipiga patasi, na hakusikia kitu mpaka mwanga wa mlangoni ulipoanza kupungua. Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akawatazama watu wote waliomzunguka.

"Naomba mnieleze," akasema. "Nimekufa lini?"

Watu walicheka, wengine huku wakifuta machozi. Inti hakucheka. Alimwendea baba yake, akamweleza kwa mara ya tatu, na baada ya mara mbili zilizotangulia, maneno yalitoka bila kukwama. Hesi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega.

Kabla ya jua kutua, shimo la magharibi lilijazwa kama ilivyotakiwa. Bwana Werka aliwakusanya viongozi wa vikosi, akakiri kwamba neno lake lilikuwa na pande mbili naye hakuangalia. Aliagiza kwamba tangu siku hiyo upande wa magharibi utajwe kuwa upande wa machweo, kwamba kila anayepewa agizo alirudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka, na kwamba asichekwe mtu anayerudi kuuliza. Alipolisema hilo la mwisho, alimtazama Inti, naye Inti akamtazama Idu, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi kwenye kamba za punda.

Nyumbani, Nubet alimpa binti yake mkate wa moto na kuketi karibu naye.

"Sikulaumu kwa kutojua, mwanangu," alisema. "Hata msimamizi hakujua kwamba hajaeleweka. Kosa lako ni kwamba ulijua kuwa hujui, ukasema unajua. Ungerudi kuuliza, wangekucheka kidogo, halafu wangekula chakula chao na kusahau. Mimi na wewe tungesahau vipi kama baba yako asingetoka? Usipoelewa, sema hujaelewa. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo. Hilo la pili ndilo lililomrudisha."

Inti alikubali. Kisha akauliza kama mama anajua ni kitu gani hasa mfalme anachojengewa kule juu. Nubet alifikiri kidogo, akajibu kwamba hajui.

Nawe uliyesoma, usikae na habari hii peke yako. Msimulie ndugu yako, au rafiki yako mkiwa njiani kutoka shuleni, naye amsimulie mwingine. Na kama atakwama mahali akakuuliza, usimcheke. Anza tena pale alipokwama, umsimulie taratibu.